Pikipiki yenye ABS: iangalie barabara yako kabla ya kutoa hela

Simama dukani mbele ya pikipiki ya cc 160 au 200, muuzaji hachelewi kuzifikia zile herufi tatu: "Hii ina ABS, bosi." Wapo wanaosikia hivyo wakaamini wamenunua chombo kitakachosimama popote, hata juu ya sabuni. Wapo wanaoona ni urembo wa kupandishia bei. Wote wawili hununua vibaya. ABS ni mfumo wa breki wenye kazi moja tu: kuzuia gurudumu lisijifunge unapobana breki. Haiongezi mshiko wa tairi, haigeuzi kipara kuwa tairi jipya, wala haimpunguzii mtu mwendo aliouchagua mwenyewe.

Kazi hiyo moja ni kubwa kwenye pikipiki kuliko kwenye gari. Gari likijifunga matairi linateleza kwenda mbele, likiwa bado limesimama kwa miguu minne. Pikipiki inasimama wima kwa sababu magurudumu yanazunguka. La mbele likijifunga, usukani hauna tena cha kushika, na chombo kiko chini kabla dereva hajajua kimetokea nini. La nyuma likijifunga unapata nafasi kidogo: mkia unayumba, ukiwa mtulivu unaachia na kuendelea.

Hapo ndipo ulipozaliwa ule ushauri wa kijiweni anaopewa kila anayejifunza: "Usiguse breki ya mkono, utaruka." Ushauri huo umeumiza watu wengi. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa chini na la nyuma linakuwa jepesi. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, theluthi mbili au zaidi. Piga hesabu ya mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Anayetumia breki ya mguu peke yake, kwenye lami kavu, anahitaji karibu mita 28 kusimama tangu breki iliposhika. Anayetumia zote mbili sawasawa anahitaji karibu mita 14. Na kabla ya hapo, katika sekunde moja ya kushtuka na kupeleka mkono, pikipiki imeshakula mita nyingine 14. Tofauti kati ya wale wawili ni urefu wa basi kubwa na kidogo juu yake.

Kwa hiyo faida ya kwanza ya ABS ni kumrudishia dereva breki ya mbele aliyofundishwa kuiogopa. Anaweza kubana kwa nguvu daladala linapoingia kituoni bila ishara, hata kama mvua imeanza kudondoka, na gurudumu halijifungi.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa, na anayeuelewa hadanganywi. Kwenye gurudumu kuna pete ya chuma yenye meno au matundu, na pembeni yake sensa ndogo isiyogusana nayo. Sensa inahesabu matundu yanavyopita. Kompyuta ndogo inalinganisha: gurudumu likianza kupunguza mzunguko haraka kuliko pikipiki yenyewe inavyoweza kupunguza mwendo, maana yake linataka kujifunga. Pampu ya ABS, ambayo ni boksi la alumini lenye valvu ndani, inapunguza presha ya mafuta ya breki kwa kitambo kidogo sana, kisha inairudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Wewe unasikia mkono wa breki ukitetemeka au kanyagio likipiga chini ya kiatu. Mgeni akisikia hivyo anadhani kitu kimevunjika na anaachia. Usiachie. Mtetemo ule ndio dalili kwamba kitu ulicholipia kinafanya kazi.

Mfumo huu unahitaji mafuta yenye presha kwenye gurudumu husika, kwa hiyo breki ya kamba na shuu haiwezi kuwa na ABS. Pikipiki nyingi za bodaboda, Boxer na HLX na jamaa zao za cc 100 hadi 150, huja na shuu mbele na nyuma, na anayenunua daraja hilo hana haja ya kujadili ABS. Swali lake ni kama apate toleo lenye diski mbele. Jibu ni ndiyo, kama lipo na pedi zake zinapatikana mtaani. Shuu ikiingia maji ya dimbwi hulegea hadi ikauke, na kamba yake hurefuka kila wiki; mkono wa breki ukiingia zaidi ya sentimita 2 kabla ya kushika, kaza.

Sasa stika. Hapa wanunuzi wengi ndipo wanapopigwa. "Chaneli mbili" maana yake magurudumu yote mawili yanalindwa. "Chaneli moja" ni gurudumu la mbele tu; la nyuma linaweza kujifunga kama kawaida. Ukiona pete mbele na nyuma usikimbilie kusema ni chaneli mbili, kwa sababu baadhi ya mifumo ya chaneli moja ina sensa nyuma ya kusomea mwendo tu. Fuata mirija ya breki: kama wa breki ya mguu hauingii kwenye pampu ya ABS, au nyuma ni shuu, hiyo ni chaneli moja. Mimi sioni aibu yoyote kwenye chaneli moja. Gurudumu linaloangusha watu ni la mbele.

CBS ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni breki iliyounganishwa: ukikanyaga ya nyuma, na ya mbele inashika kidogo. Inamsaidia yule asiyegusa breki ya mkono, lakini haizuii gurudumu kujifunga. India ilipoweka sharti la breki hizi kwa pikipiki zote mpya tangu Aprili 2019, zilizozidi cc 125 zililazimika kuwa na ABS, na za cc 125 kushuka chini ziliruhusiwa CBS. Ndiyo maana maandishi hayo mawili, ABS na CBS, yanaonekana kwenye pikipiki za Kihindi zinazofanana sura. Sharti hilo ni la kwao. Pikipiki yenye jina lile lile ikitengenezwa kwa soko la nje inaweza kuja bila ABS. Usisome mapitio ya India ukadhani yanazungumzia ile iliyo dukani Kariakoo.

Halafu kuna ABS ya uongo. Ni kifaa kidogo cha chuma chenye ukubwa wa kidole gumba, kinafungwa kwenye kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) au njiani kwenye mrija, kimechorwa ABS kwa laser. Ndani yake kuna mpira au springi inayolainisha presha kidogo. Hakina sensa, hakina waya. Kitu kisicho na waya hakijui gurudumu linazunguka au limesimama, hivyo hakiwezi kuzuia chochote. Pikipiki na skuta nyingi za bei rahisi huja nacho kiwandani, na kuna maduka yanayokiuza peke yake kama nyongeza. Ni breki laini tu, na muda mwingine mbaya zaidi. Ukitaka ABS ya kweli tafuta vitu vitatu: pete yenye matundu kando ya diski, sensa yenye waya, na taa ya ABS kwenye dashibodi. Kimoja kikikosekana, usilipie zile herufi. Na usinunue isiyo nayo kwa matumaini ya kuifunga baadaye: pampu, sensa, nyaya na programu ya kompyuta vimepangwa kwa modeli ile ile tangu kiwandani.

Barabara ndiyo inayoamua. Kwenye lami ABS inalipa, na inalipa zaidi siku ambazo lami inadanganya: mvua za kwanza za vuli, wakati vumbi na mafuta ya miezi mitatu yanageuka utelezi; michoro myeupe ya kivuko cha watembea kwa miguu; mifuniko ya chuma; reli zinazokatiza; mchanga uliomwagwa na lori kwenye kona. Dereva hodari sana anaweza kukadiria breki kwenye lami kavu akasimama sawa na ABS, pengine akaizidi kwa mita moja. Lakini hodari huyo hajui kwamba mita kumi mbele lami imebadilika, naye ameshabana. Sensa inajua baada ya matundu machache.

Kwenye changarawe hesabu inageuka. Gurudumu lililojifunga juu ya kokoto huzama kidogo na kusukuma rundo mbele yake, na rundo hilo linasaidia kusimama. ABS hairuhusu rundo lijengeke. Inaachia, inashika, inaachia. Umbali wa kusimama unarefuka. Kwenye mteremko wa udongo wenye mawe madogo inaweza kuonekana kama breki ya nyuma haipo kabisa, kanyagio linapiga tu chini ya mguu. Kwenye udongo wa mbuga ulioloa au mchanga mzito, hali ni ile ile. Anayepanda na kushuka vijiji vya milimani ambako lami inaishia barabara kuu anahitaji kulijua hili kabla, asije akaligundua akiwa na gunia la viazi nyuma.

Dawa yake ni swichi. Baadhi ya pikipiki za safari zinaruhusu kuzima ABS ya nyuma peke yake na kuacha ya mbele: Honda CRF300L yenye ABS ni mfano, na KTM 390 Adventure ina hali ya nje ya lami inayofanya hivyo. Ukizima swichi ya ufunguo na kuwasha tena, kwa kawaida mfumo unarudi kama ulivyokuwa, kwa hiyo kila ukisimama kunywa chai unatakiwa kukumbuka. Ni usumbufu, lakini una sababu: kiwandani hawataki urudi lami ukiwa umesahau. Pikipiki isiyo na swichi hiyo, ya chaneli mbili, kwa mtu ambaye nusu ya safari yake ni vumbi, naona ni chaguo baya kuliko ya chaneli moja.

Kona pia ina ukomo wake. ABS ya kawaida inafikiri pikipiki iko wima. Ukiwa umelala kwenye kona, tairi linatumia sehemu ya mshiko wake kugeuza chombo, na kinachobaki kwa breki ni kidogo. Mfumo unaweza kuchelewa. Kuna ABS ya kona inayopima mlalo wa pikipiki kwa sensa ya ziada, ila mara nyingi iko kwenye pikipiki za bei kubwa. Kwa hizi nyingine, mwendo unapunguzwa kabla ya kuingia kona. Anayeteremka mlima Kitonga au kupanda Lushoto kutoka Mombo, njia zenye kona nyingi, asiitegemee katikati ya kona.

Watu watakutajia takwimu. Taasisi ya Marekani inayofadhiliwa na kampuni za bima, IIHS, imelinganisha modeli zile zile zikiwa na ABS na bila ABS, na kukuta ajali za vifo zimepungua kwa zaidi ya asilimia 20 kwenye zenye ABS. Ni ushahidi mzito. Kumbuka tu kwamba kwa sehemu kubwa ni pikipiki kubwa, kwenye lami. Ulaya imefanya ABS kuwa lazima kwa modeli mpya zinazozidi cc 125 tangu 2016, na Japani ikafuata 2018. Kwa hiyo mtumba wa Japani wa miaka ya karibuni una uwezekano mkubwa wa kuwa nayo. Swali la mtumba ni kama bado inafanya kazi.

Kuikagua kunachukua dakika kumi. Washa ufunguo bila kuwasha injini: taa ya ABS lazima iwake. Isipowaka kabisa usifurahi, maana huenda balbu imetolewa au imezibwa kwa tepu nyeusi ili kuficha hitilafu. Washa injini, ondoka taratibu; kwenye pikipiki nyingi taa inazima ukishavuka mwendo wa kutembea, kati ya kilomita 5 na 10 kwa saa. Ikibaki imewaka, mfumo umejizima na una sababu. Rudi, fungua kiboksi cha fyuzi. ABS mara nyingi ina fyuzi zake zaidi ya moja, ya pampu na ya valvu. Ukikuta moja imetolewa au imewekwa ya ampea kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko, kuna mtu ameshapambana na tatizo akashindwa. Zungusha magurudumu ukiangalia pete: iwe imenyooka, isiwe na jino lililopinda wala ufa. Fuata waya wa sensa hadi juu. Ukiona umefungwa kwa tepu ya umeme na kuungwa kwa kusokotwa, punguza bei au ondoka. Kisha omba kipande cha njia kilichonyooka na kitupu, nenda kilomita 30 kwa saa, kanyaga breki ya nyuma kwa nguvu. Kanyagio lipige, tairi lisiburuzike. Kwa chaneli moja jaribu ya mbele, taratibu kwanza, pikipiki ikiwa wima kabisa.

Usiogopeshwe na taa iliyowaka baada ya fundi kuwasha injini na kuweka gia pikipiki ikiwa kwenye stendi ya katikati. Gurudumu la nyuma limezunguka na la mbele limesimama, kompyuta ikaona uongo. Zima ufunguo, washa, ondoka, itazima yenyewe.

Baada ya kununua, adui wa kwanza ni fundi pancha. Hana ubaya, ila amezoea kulaza gurudumu chini upande wa diski na kuchomeka mataimbo popote. Pete ikipinda hata kidogo, sensa inasoma vibaya na taa inawaka. Simama hapo, mwambie alaze upande wa pili. Wakati wa kurudisha ekseli, hakikisha bushi za pembeni zimerudi kila moja upande wake. Zikibadilishana, gurudumu linasogea na ile nafasi ndogo kati ya sensa na pete inabadilika. Nafasi hiyo ni ya kupimwa kwa geji ya karatasi za chuma, na kipimo chake kimo kwenye kitabu cha modeli yako.

Tairi liwe la kipimo kile kile cha kiwandani, mbele na nyuma. Kompyuta inalinganisha mizunguko. Ukiweka kubwa zaidi nyuma ili pikipiki "ikae vizuri", umeipa hesabu isiyolingana. Upepo pia upimwe kwa geji tairi likiwa baridi, si kwa kupiga teke.

Mafuta ya breki ndiyo yanayosahaulika. Watu hubadilisha oili ya injini kila mwezi na kuacha mafuta ya breki miaka mitano hadi yawe rangi ya chai ya rangi. DOT 4, aina ya mafuta ya breki inayotumika sana, hunyonya unyevu wa hewa. Yakiwa mapya yanachemka kwa angalau nyuzi 230, yakishanyonya maji kiwango cha chini kinashuka hadi 155. Kwenye pampu ya ABS maji hayo yanaleta kutu ndani ya valvu, na valvu zile hazitengenezwi kijiweni. Badilisha kila miaka miwili, kutoka chupa mpya iliyofungwa. Usimimine DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haichanganyiki, 5.1 ni kitu kingine na inakubaliana na DOT 4. Kisima cha mafuta kisikauke wakati wa kutoa hewa kwenye mirija ya breki, kwani hewa ikiingia ndani ya pampu baadhi ya modeli haitoki bila mashine ya kuizungusha pampu.

Betri nayo. Mfumo unataka umeme ulionyooka. Taa za ziada, redio na chaja mbili za simu kwenye betri iliyochoka huangusha volti, na ABS inajizima. Breki za kawaida zinabaki. Mfumo ukifa unabaki na pikipiki isiyo na ABS, si pikipiki isiyo na breki. Ukipeleka keria au ngao kuchomelewa, toa waya zote mbili za betri kabla fundi wa welding hajagusa fremu. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye kompyuta ya ABS, umenunua nyingine. Na kwenye kuosha, mashine ya presha isielekezwe kwenye sensa. Tope likikauka kati ya sensa na pete, litoe kwa mswaki.

Kabla ya kulipa, uliza bei za vitu vitatu: sensa ya mbele, pete ya mbele, pampu. Usimuulize muuzaji wa pikipiki, muulize muuza vipuri, na ahakikishe anaweza kuvileta. Kama sensa ni ya kuagiza kwa miezi miwili, panga kuendesha miezi hiyo bila ABS. Kwenye modeli nyingi spidi mita inasoma kutoka sensa hiyo hiyo, nayo itanyamaza.

Kwa anayekwenda kazini kila siku mjini, Dar au Mombasa au Mwanza, ningelipia ABS bila kubishana sana, hata ya chaneli moja. Kwa bwana shamba au muuguzi anayezunguka vijiji kwa barabara za vumbi, ningetafuta yenye diski mbele, nyepesi, vipuri tele, na ABS iwe ya mbele tu au ya kuzimika nyuma. Ikikosekana hiyo, bila ABS. Ila kama tofauti ya bei inakula hela ya matairi mazuri na helmeti inayokaa kichwani sawasawa, nunua hivyo viwili kwanza.

Wiki ya kwanza tafuta uwanja mtupu, mwaga maji kwenye lami kipande cha mita kumi. Kilomita 30 kwa saa, pikipiki wima, macho mbele. Breki ya mguu mara tano, ya mkono mara tano, kisha zote pamoja, hadi mkono uzoee mtetemo bila kuachia. Mita ya mwisho kabla ya kusimama, tairi linaweza kuburuzika kidogo: chini ya mwendo wa kutembea mfumo unaacha kufanya kazi. Hapo ndipo unapolegeza mkono kidogo na kuteremsha mguu.